MAISHA YA BWANA H. H. STOREY, MCHUNGUZI WA MARADHI YA MIMEA

Msomaji, usistaajabu kukuta katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu habari za mtu ambaye hakuwa mwanachama, wala hakuwa mtu wa Mbulu, wala hakuzaliwa katika bara hili. Wazee wa Kamati waliponiagiza mimi Katibu niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyefariki zamani, ambaye kazi yake imemfaa mkulima, nadhani walitaraji ya kuwa nitamchagua kiongozi wa siasa au mmoja wa wale walioanzisha vyama vya ushirika. Nimemchagua Harold Haydon Storey, mtaalamu wa maradhi ya mimea, na sababu ya kumchagua ni shamba la mahindi la baba yangu.

Mwaka wa 2013 nilikuwa nyumbani, Daudi, baada ya kumaliza kidato cha nne, na mahindi yetu yalikuwa yamefika kifuani mwa mtu. Kisha majani machanga yakaanza kuwa na madoadoa ya manjano. Kingo za majani zikakauka, ukavu ukaingia hata kwenye uti wa jani. Maganda ya magunzi yakakauka wakati shina lilikuwa bado bichi, na tulipomenya tulikuta gunzi bila punje, au lenye punje chache zilizosinyaa. Mwaka ule kikundi chetu kidogo cha wakulima kilikuwa kimenunua mbolea kwa fedha za kuchangishana, na aliyeaminiwa kwenda kuinunua alikuwa baba yangu mkubwa. Watu wakasema mbolea ilikuwa mbovu. Wengine wakasema zaidi ya hayo, kwamba mzee alinunua ya bei nafuu akaweka chenji mfukoni. Hapakuwa na ushahidi wowote, ila mashamba yale ya manjano ndiyo yaliyokuwa shahidi. Kikundi kikavunjika kabla ya mavuno, kama kweli yaweza kuitwa mavuno, maana katika ekari mbili tulipata magunia mawili.

Hata bwana shamba alipokuja kutueleza ya kuwa yale yalikuwa maradhi mapya, na kwamba mbolea haikuhusika hata kidogo, maneno yalikuwa yamekwisha kusemwa. Mimi nilimwuliza maradhi yanawezaje kuushinda mmea wenye nguvu, uliopata mvua na samadi. Alinijibu kwa ufupi kwamba maradhi hayo huanza kwa kuulaza ulinzi wa mmea. Neno hilo lilinikaa moyoni, na katika kulifuatilia ndipo nilipokutana na jina la Bwana Storey.

Storey alikuwa Mwingereza, na alizaliwa mwaka wa 1894. Ni jambo la kupendeza kwamba mwaka ule ule mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Warburg alichapisha habari za maradhi ya mihogo aliyoyaandika kutoka Usambara, ambayo leo twayaita batobato. Hapana aliyejua wakati huo ya kuwa mtoto aliyezaliwa Uingereza mwaka ule angekuja kuishi katika milima hiyo hiyo akipambana na maradhi hayo hayo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alikwenda Afrika ya Kusini, akafanya kazi katika jimbo la Natal. Huko wakulima walikuwa wakisumbuliwa na maradhi ya mahindi yanayotia majani mistari myeupe na ya manjano, mirefu, iliyonyooka kama imepigwa kwa rula. Bwana Fuller alikuwa ameyaandika maradhi hayo huko Natal tangu mwaka wa 1901, lakini hakuwa na njia ya kuijua asili yake. Wengi walidhani ardhi ndiyo yenye kasoro. Storey akatazama wadudu. Katika miaka ya 1924 na 1925 alionyesha wazi ya kuwa maradhi huchukuliwa na mdudu mdogo sana arukaye kwenye majani, ambaye leo huitwa kwa jina la kitaalamu Cicadulina mbila. Mdudu huyo akinyonya muhindi mgonjwa, kisha akanyonya muhindi mzima, mzima naye huugua. Mahali asipokuwapo mdudu, muhindi hubaki salama hata ukisimama karibu na mgonjwa. Maradhi hayo sisi huyaita milia, na hata leo tunayaona katika mashamba yetu, hasa kwa wale wanaochelewa kupanda.

Nataka msomaji aone uzito wa jambo hilo. Mpaka hapo mkulima aliyeona shamba limeharibika alikuwa na watu wa kuwalaumu: jirani, muuza mbegu, au mwenye jicho baya. Storey aliwaonyesha mdudu asiyefika hata urefu wa punje ya mtama.

Mwaka wa 1928 alihamia Tanganyika, akafika Amani. Amani ipo katika milima ya Usambara Mashariki, Mkoa wa Tanga, mahali penye msitu mzito na mvua nyingi, tofauti kabisa na huku kwetu kwenye upepo mkavu. Wajerumani walijenga kituo cha utafiti wa kilimo hapo mwaka wa 1902, na baada ya vita Waingereza wakakifungua tena kwa ajili ya nchi zote za Afrika ya Mashariki. Hapo Storey alifanya kazi miaka ishirini, na hapo ndipo jina lake lilipokuwa kubwa.

Kazi yake ya kwanza ya ajabu ilihusu yule mdudu wa milia. Aliona ya kuwa wadudu hawalingani. Wengine wakinyonya mmea mgonjwa huambukiza, na wengine, ijapokuwa ni wa namna moja na wamenyonya jani lile lile, hawaambukizi kamwe. Akawazalisha kama mfugaji anavyozalisha ng'ombe, kizazi baada ya kizazi, akiandika baba ni nani na mama ni nani. Mwaka wa 1932 alitangaza kwamba uwezo wa kuambukiza hurithiwa kwa sheria rahisi, kwa jeni moja tu, nayo hufuatana na jinsia. Dume mwenye uwezo akipanda jike lisilo na uwezo, mabinti huzaliwa wenye uwezo na wana wa kiume huzaliwa bila uwezo. Wafugaji wa Mbulu, ambao wanajua kuhesabu ukoo wa dume kuliko hata ukoo wa watu, hawatapata taabu kuelewa hesabu hiyo.

Mwaka uliofuata alifanya jambo ambalo mimi kila nikilisoma hushangaa mikono ya mtu huyo. Alichukua mdudu asiye na uwezo wa kuambukiza, akamchoma tumbo kwa sindano nyembamba mno, akatoboa utumbo wake bila kumwua. Mdudu huyo akaanza kuambukiza. Maana yake ni kwamba kwa mdudu wa namna hiyo ukuta wa utumbo ndio boma linalozuia virusi visiingie katika damu yake na kufika kwenye mate. Kumbe kizuizi kilikuwa ukuta ule, na ukuta ukitobolewa, virusi hupita.

Hapa nasimama kidogo nitoe neno langu. Kulea wadudu kwa maelfu, kuwahamisha mmoja mmoja kutoka mmea hata mmea, kunyeshea vyungu na kufunga vizimba si kazi ya mtu mmoja. Palikuwapo vijana na wazee wa Usambara na wa sehemu nyingine waliofanya kazi hiyo kila siku kwa mshahara mdogo, na katika habari zote nilizosoma mimi sikukuta hata jina moja lao. Ulikuwa wakati wa ukoloni, na hivyo ndivyo vitabu vilivyoandikwa. Simpunguzii Bwana Storey heshima yake kwa kulisema hilo. Lakini sisi wa ushirika, ambao huandika jina la kila aliyeleta gunia moja, hatuwezi kulipita kimya.

Baada ya wadudu akaigeukia mihogo. Najua ya kuwa katika baridi ya Daudi muhogo si chakula chetu, ila kwa ndugu zetu walioko nchi za joto ndiyo akiba ya mwaka wa njaa, maana hukaa ardhini ukingoja. Maradhi mawili yaliitesa. La kwanza ni batobato, linalokunja majani na kuyatia manjano, nalo huenezwa na inzi weupe na kwa kupanda pingili zilizotoka kwenye mihogo migonjwa. La pili Storey ndiye aliyelieleza kwanza, mwaka wa 1936: michirizi kahawia. Hilo ni la hila zaidi, kwa sababu shina na majani huweza kuonekana karibu mazima, na mama akienda kuchimba hukuta mizizi imeoza ndani, migumu, yenye rangi ya kahawia, hata mbuzi hawaitaki.

Storey na msaidizi wake Bwana Nichols walitafuta muhogo usiougua. Walikusanya mihogo ya namna nyingi wasipate hata mmoja uliokuwa salama kabisa. Ndipo wakachanganya muhogo na jamaa zake wa mbali, hasa ule mti wa mpira wa Ceara ambao Wajerumani waliupanda Tanga kwa ajili ya utomvu. Mtoto wa kwanza wa ndoa hiyo alikuwa na afya lakini mizizi yake haikufaa kuliwa. Wakamrudisha kwa muhogo, na mtoto wake tena kwa muhogo, na tena, mpaka wakapata mmea wenye mizizi ya muhogo na ukinzani wa mti wa mpira. Kazi hiyo ilipita mikononi mwa Nichols, na baada yake Bwana Jennings, hata miaka ya 1950.

Jambo moja waliloliona huko lina maana kubwa kwa habari yetu. Mihogo mingine yenye ukinzani huugua kweli kweli, kisha hupata nafuu, na majani mapya hutoka safi. Mmea hauna damu, hauna homa, haunywi dawa. Basi ulijiponya kwa nini? Storey aliliandika jambo alilolishuhudia, na jibu lilibidi lingoje hata kizazi kingine.

Mwaka wa 1946 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, heshima ambayo wanasayansi wachache sana waliofanya kazi yao Afrika ya Mashariki wamepata kuipata. Kuanzia mwaka wa 1948 utafiti wa kilimo na misitu wa nchi hizi ulihamishiwa Muguga, karibu na Nairobi, na yeye akahamia huko. Majengo ya Amani yakapewa watafiti wa malaria.

Huko Muguga alikutana na adui wa tatu, naye alikuja kwa upepo. Mwaka wa 1949 kutu mpya ya mahindi, iitwayo Puccinia polysora, ilionekana Sierra Leone. Asili yake ni Amerika. Ikapita Afrika ya Magharibi shamba kwa shamba, na kufika mwaka wa 1952 ilikuwa imefika kwetu Afrika ya Mashariki. Kutu ni aina ya kuvu. Hutoa unga wa rangi ya chungwa juu ya majani, nao hupeperuka mbali. Hupenda joto, ndiyo maana pwani na mabonde yaliumia kuliko nyanda za juu. Mahindi ya Kiafrika hayakuwa yamepata kuiona, yakaipokea bila ulinzi.

Storey akafanya haraka. Pamoja na Bi Ryland, kisha Bi Howland, alipanda mahindi yaliyoletwa kutoka nchi za Amerika ambako muhindi na kutu hiyo vimeishi pamoja tangu kale, akayapaka unga wa kutu. Mengi yakaugua. Machache yakatoa vidoa vidogo vilivyokauka, kutu isiendelee. Ukinzani huo ulitokana na jeni moja, nao wakauita Rpp1. Furaha haikudumu. Mwaka wa 1955 walitangaza ya kuwa kuna kutu ya namna ya pili, inayofanana na ya kwanza kwa macho, lakini ikila mahindi yenye Rpp1 bila taabu. Wakapata jeni ya pili, Rpp2, iliyozuia zote mbili. Ikatokea kutu ya tatu. Habari za kutu ya tatu Storey alizichapisha pamoja na Howland mwaka wa 1967, alipokuwa na umri wa zaidi ya miaka sabini.

Ni nini kilichokuwa kikitendeka ndani ya jani? Sasa naingia katika mambo yaliyojulikana baada yake, na namwomba msomaji avumilie, maana hapa ndipo swali langu la 2013 linapopata jibu.

Mmea una ulinzi wa namna mbili. Wa kwanza ni wa mlangoni. Ngozi ya kuvu ina kitu ambacho mmea hukitambua kama mbwa anavyotambua harufu ya fisi, na mara moja huimarisha kuta za seli na kutoa sumu. Kuvu wengi hushindwa hapo. Lakini kutu ni mjanja. Unga wake ukiota juu ya jani, huingia kwa vile vitundu vidogo ambavyo jani hupumulia, kisha huingiza kinyonyeo ndani ya seli bila kuiua. Kwa kinyonyeo hicho hula, na kwa hicho hicho humwaga protini zake ndani ya seli. Kazi ya protini hizo ni kunyamazisha kelele ya hatari: moja humzuia mpeleka habari, nyingine hukatiza amri ya kujenga ukuta. Jani linaliwa nalo halijui kwamba linaliwa. Mwaka wa 2022 wachunguzi nchini China walitambua protini moja ya kutu hii hii ya Storey, wakaona ya kuwa kazi yake ni kudhoofisha ule ulinzi wa kwanza wa muhindi.

Ulinzi wa pili ni wa ndani. Jeni za namna ya Rpp1 hutengeneza askari wanaokaa ndani ya seli, kila mmoja akijua sura ya mlozi mmoja. Akiiona protini anayoijua, seli ile hujiua, pamoja na zilizo karibu nayo. Kutu haiwezi kula maiti, basi hufa njaa, na hicho ndicho kidoa kikavu ambacho Storey alikiona. Lakini kutu ikizaa mtoto ambaye protini ile imebadilika, au hanayo kabisa, askari hamwoni. Ndiyo kutu ya pili, na ya tatu. Bwana Flor wa Marekani, ambaye kwa bahati naye alikuwa H. H., alikuwa ameona kwa kutu ya kitani katika miaka ya 1940 ya kuwa kila jeni ya ulinzi katika mmea ina jeni inayolingana nayo katika kutu. Kazi ya Muguga ilionyesha ya kuwa mashindano hayo yapo katika mahindi yetu pia.

Kwa virusi ulinzi ni mwingine. Virusi kikijizidisha ndani ya mmea, mmea hukamata maandishi yake na kuyakatakata vipande vifupi, vya herufi ishirini na kitu. Vipande hivyo hugawiwa kwa askari kama picha za mtu anayetafutwa, na askari hupita seli kwa seli wakikata kila andishi linalofanana na picha. Hiyo ndiyo nafuu iliyoonekana Amani: mhogo ulikuwa umesambaza picha za adui mpaka kwenye majani mapya. Na virusi navyo vina jibu. Mwaka wa 1998 ilitangazwa ya kuwa virusi fulani vina protini ambayo kazi yake ni kuharibu ulinzi huo. Baadhi yao huzikamata zile picha na kuzificha, askari wakabaki na silaha bila kujua wamtafute nani.

Msiba mkubwa huja virusi viwili vikiingia mmea mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali lilianza Uganda, likasonga kusini mwaka hata mwaka, na kabla miaka ya 1990 haijaisha lilikuwa limevuka hadi Kagera. Watu waliacha kulima muhogo katika wilaya nzima. Ilionekana ya kuwa kirusi kipya kilikuwa kimezaliwa kwa kuchanganyika kwa virusi viwili vya batobato, na mara nyingi kilikutwa katika mmea mmoja pamoja na kirusi cha zamani. Mwaka wa 2004 wachunguzi walionyesha ya kuwa virusi hivyo viwili huvunja ulinzi wa muhogo kwa njia mbalimbali, kila kimoja mahali pake, basi vikiwa pamoja muhogo hauna pa kujishika. Michirizi kahawia nayo ina protini yake ya kulaza ulinzi, iliyotambuliwa mwaka wa 2009.

Na mahindi ya baba yangu yalipatwa na jambo hilo hilo. Maradhi yale yalionekana kwanza Bomet, Kenya, mwezi wa Septemba 2011, na mwaka wa 2012 yakaingia kaskazini mwa Tanzania. Ni virusi viwili. Kimoja ni cha jamaa ya virusi vya miwa, kilichokuwapo Afrika ya Mashariki tangu zamani, na ambacho peke yake hupunguza mavuno kidogo tu. Cha pili kilikuwa kigeni. Yule wa zamani anayo protini ya kuficha picha. Ulinzi ukilala, mgeni hujizidisha kupita kiasi, na muhindi hukauka ungali umesimama. Hapana mbolea iliyoweza kuuleta msiba huo, wala mbolea ambayo ingeuzuia. Kilichofaa ni mbegu safi, kung'oa mgonjwa mapema, na kuacha kupanda mahindi juu ya mahindi, kwa sababu virusi hivi vinahitaji muhindi ulio hai na mdudu wa kuvichukua. Ndiyo asili ya kanuni ya Chama chetu ambayo wanachama wengine huilalamikia, ya kubadilisha mahindi kwa maharage, mbaazi au vitunguu saumu.

Narudi kwa Bwana Storey. Mwaka ule wa 1967 alichapisha pia, pamoja na Howland, habari za urithi wa ukinzani wa mahindi dhidi ya milia, maradhi aliyoanza nayo Natal zaidi ya miaka arobaini kabla. Alifariki mwaka wa 1969. Hakupata kukiona kirusi cha milia kwa macho. Mwaka wa 1974, huko huko Muguga, Bwana Bock na wenzake walikisafisha na kukitazama kwa darubini ya elektroni, wakakikuta kimeumbwa kama pacha walioshikana mgongo.

Mihogo yake iliishi kuliko yeye. Katika miaka ya 1950 mbegu za Amani zilipelekwa Nigeria, na mmoja kati ya miche iliyoota huko, ulioandikwa 58308, ukawa bibi wa mihogo mingi yenye ukinzani iliyozalishwa Ibadan. Batobato kali lilipoiangamiza mihogo ya Uganda, wajukuu wa mche huo walirudishwa Afrika ya Mashariki, wakapandwa mahali ambapo mihogo ya kienyeji ilikuwa imekufa. Mwingine wa Amani, 46106/27, ulibaki pwani ya Kenya kwa jina la Kaleso. Kusini mwa Tanzania wakulima walikuwa na muhogo waliouita Namikonga, unaovumilia michirizi kahawia, wakaupanda mama kwa binti bila kitabu wala kibali. Wachunguzi wa siku hizi walipoilinganisha mihogo hiyo miwili walikuta ni mmoja. Wale akina mama waliuhifadhi miaka hamsini na zaidi.

Kuhusu baba yangu mkubwa, alipokuwa ameacha kuhudhuria mkutano wowote nilimpelekea habari hizi za virusi viwili, nikamwandikia kwa kalamu katika karatasi ya daftari. Aliisoma, akaniuliza kama wale wengine nao wamepewa karatasi. Nilisema bado. Nikanakili kumi na saba zaidi, moja kwa kila aliyekuwa katika kile kikundi, na wawili kati yao walikwenda nyumbani kwake. Alijiunga na chama chetu cha msingi mwaka wa pili tangu kuanzishwa. Jina lake ni la arobaini na moja katika daftari la wanachama, na tangu msimu uliofuata yeye ndiye anayepokea mbolea ghalani.